Kadi Chini ya Kitanda

Siku ya kwanza ya kazi, bibi yangu Mwajuma alikabidhiwa ndoo. Naandika kama alivyonisimulia. Mimi mbele za watu naona haya kuuliza, lakini kwa Bibi nauliza mpaka anasema, "Wewe mtoto, nipumzishe."

Alikuwa nesi mpya zahanati ya Saadani. Mganga wa zahanati akamwambia, "Sindano utashika wiki ijayo. Leo futa vitanda, nione." Akafuta kwa maji ya klorini. Mganga akapitisha kidole chini ya fremu ya kitanda, kikatoka cheusi. "Rudia." Hakumgombeza, Bibi anasema, na ndiyo maana iliuma.

Akahamishiwa Kiwangwa, miaka mingi, kisha hospitali ndogo ya huku Bagamoyo. Hapo akawa muuguzi wa kuzuia maambukizi, yaani kazi yake ni kuhakikisha mgonjwa haondoki na ugonjwa ambao hakuja nao. Mwaka wake wa mwisho kazini, wafadhili wakasema watanunua mashine moja ya kuua vijidudu chumba kizima, kwa ajili ya chumba cha kujifungulia. Moja tu. Wakikosea kuchagua, basi tena, na wanaoumia ni wazazi.

Zikaletwa mbili za kujaribu. Ya kwanza inapuliza mvuke wa dawa unaoingia kila pembe. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliipenda sana. Wakafunga mlango, wakaziba madirisha kwa plasta. Hakuna aliyekumbuka matofali ya matundu kule juu ukutani, yale ya kupitisha upepo, na huku kwetu kila jengo linayo! Upande wa pili ndugu wa wagonjwa walikuwa wanakunywa uji. Wakatoka wanakohoa, macho yanawatiririka, mama mmoja akipiga kelele, "Mnatufukiza kama mbu!"

Ya pili ni taa ya miale mikali. Watu wanatoka wote, inawaka, dakika chache imemaliza. Bibi alibandika kadi mbili zinazogeuka rangi zikipigwa na miale hiyo, moja ukutani, moja chini ya kitanda. Ya ukutani ikageuka. Ya chini ya kitanda ikabaki vilevile. Mwanga haupindi kona.

"Kwa hiyo zote hazifai?" Mfawidhi akauliza.

"Chukua ya taa, Daktari. Ila tufute kwanza kwa mkono, halafu iwashwe mara mbili, kila upande wa kitanda."

"Sista, sasa tunanunua mashine ya nini kama ndoo bado ipo?"

"Ndoo haiendi popote. Mashine inakuja kuisaidia."

Ikanunuliwa. Bibi akastaafu, kadi ile isiyogeuka akaondoka nayo. Nilimuuliza, "Sasa Bibi, unajuaje kama bado wanafuta?" Akasema, "Hilo ndilo sijui."

Alhamisi dada Zuhura alishikwa na uchungu, tukampeleka palepale. Mlangoni mwa chumba Bibi akamzuia asipande kitandani. Akakiendea kitanda, akainama taratibu, goti linalia, akapitisha kidole chini ya fremu.

"Bibi jamani, mtoto anakuja!" Zuhura akalia.

Mhudumu wa usafi akacheka. "Shikamoo, Mama. Nimefuta, na mashine nimewasha pande zote mbili."

Bibi alikitazama kidole chake kwanza, mbele, nyuma.

"Marahaba," akasema. "Zuhura, panda."