Swali Moja Kuhusu Simu

Katikati ya miaka ya 2010 kampuni yetu ya ulinzi ilinihamisha kutoka geti la hoteli hadi mlango wa baraza moja la Doha, lililosikiliza rufaa za mawakili walioadhibiwa. Niliacha shule darasa la saba, na kazi nilizibadilisha kila nilipochoka. Mlango ule sikuuchoka. Nilisimama upande wa ndani, nikasikia kila kitu.

Siku moja alikuja wakili wa kike, mtu mzima. Alikuwa amepewa karipio: hakutozwa faini wala kusimamishwa kazi, ila barua ingekaa kwenye faili lake daima. Alitaka ifutwe.

"Karipio tu?" mwenzangu wa zamu, Mganda, aliuliza kabla hawajaanza. "Ndugu, mimi ninazo barua mbili za onyo. Nilitia sahihi bila kusoma."

"Ya tatu utaisomea kwenye ndege ya kurudi kwenu," nikamwambia.

Kosa lenyewe lilikuwa simu. Fundi mmoja wa Industrial Area, mtaa wa viwanda na makazi ya wafanyakazi, aliyekuwa na kesi dhidi ya mteja wa wakili huyu, alimpigia kuuliza paspoti yake itarudi lini. Wakili akamjibu. Kumbe kwao mtu mwenye wakili wake hajibiwi moja kwa moja na wakili wa mpinzani wake. Neno hupitia kwa wakili huyo.

Majaji watatu waliipima simu ile asubuhi nzima, wakisoma kanuni mstari kwa mstari. Sikuwa nimewahi kuona onyo la mtu yeyote likishughulikiwa kwa uangalifu hivyo.

Mtetezi wa mwanamke yule alisema hakuna ushahidi kwamba alijua fundi ana wakili. Upande wa pili ukakubali, hawakuwa nao. Nikajua ameshinda.

Mwenyekiti wa majaji akavua miwani. "Siku ile ya simu, ulijua?"

Mtetezi alimvuta wakili mkono wa koti.

"Nilijua. Alinitajia mwenyewe. Lakini alikuwa analia, nikamjibu."

Majaji walitoka nusu saa, wakarudi. Karipio likabaki.

"Ungesema hukumbuki," mtetezi alimnong'oneza wakija mlangoni.

"Halafu kesho nisimame mbele yao niseme nini?"

Nilifungua milango yote miwili kwa pamoja.

"Yote miwili hufunguliwa majaji tu," mwenzangu akasema.

Niliishikilia mpaka wakili yule akapita.