Barua ya Joyce Mwingine

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimevaa viatu vipya, na mkononi nimeshika barua ya kumwachisha mtu kazi. Na nilikuwa na furaha tele. Sikiliza vizuri hapo: nilikuwa na furaha. Ndiyo sababu nataka nikusimulie.

Jana uliponipigia simu ukipiga kelele kwamba umepata kazi katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda cha maziwa huko Londiani, niliacha sufuria jikoni mpaka chai ikafurika yote. Niliimba. Nilimwita jirani kwenye ua nikamwambia, "Chelangat wetu anaanza Jumatatu!" Halafu ukashusha sauti. "Lakini shangazi, mimi nilisomea kilimo. Mambo ya HR sijawahi kuyafanya hata siku moja. Wakigundua sijui kitu?" Mwanangu, shangazi yako amestaafu akiwa mkuu wa ofisi kama hiyo katika shamba la chai, na siku aliyoanza hakujua hata faili inapangwaje. Kwa hivyo tulia nikueleze.

Nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani Bomet, namsaidia mama kuchuma majani ya chai yetu kidogo na kukamua ng'ombe. Siku moja shamba moja kubwa upande wa Kericho likatangaza kwamba linatafuta karani wa ofisi ya wafanyakazi. Tulienda wengi, wengine na vyeti vya chuo. Aliyetuhoji ni Mzee Ombati, mkuu wa ofisi hiyo, Mkisii aliyeishi kwetu muda mrefu hadi akawa anasalimia kwa Kipsigis vizuri kuliko vijana wetu wenyewe.

"Una uzoefu gani wa kazi hii?" akaniuliza.

"Sina, mzee."

"Hata kidogo?"

Nikaona nimekwisha, basi nikasema tu nilichokuwa nacho. "Mimi ni katibu wa kwaya kanisani. Watu arobaini. Najua nani anakosa mazoezi kwa uvivu na nani anakosa kwa sababu ana mgonjwa nyumbani. Najua nani hawezi kusimama karibu na nani. Tangu nishike daftari hakuna aliyehama kwaya."

Aliniangalia juu ya miwani yake, akaandika neno moja kwenye karatasi, akasema nimwite anayefuata. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Wiki mbili baadaye nikaitwa kazini! Mama alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Sijui nikuelezee vipi raha ya wiki zile za kwanza. Nilikuwa na meza yangu. Nilikuwa na kiti kinachozunguka. Watu wazima, wanaume wenye wake na wajukuu, walikuja kusimama mlangoni wakivua kofia na kuniita "madam". Nilijifunza kuandika barua za likizo, kupanga faili, kujaza fomu za hospitali. Kila kitu kipya nilikishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nafika ofisini kabla ya mfagiaji.

Kosa langu lilianzia hapohapo, ndani ya furaha hiyo.

Ijumaa hiyo Mzee Ombati alikuwa na mkutano Kericho mjini. Kabla ya kuondoka aliniachia jina. Kulikuwa na mchumaji anaitwa Joyce Chepkoech ambaye alikuwa ametoweka kazini zaidi ya mwezi. Barua mbili zilikuwa zimepelekwa kwao na hakuna jibu. "Andika barua ya mwisho," mzee akasema. "Linganisha jina na nambari ya kazi kwenye faili, kisha uniwekee mezani. Nitaiangalia nikirudi."

Niliiandika. Ikatoka nzuri sana, mwanangu, nikaisoma mara tatu nikijisifu. Nikaona, mbona imngoje mzee? Si atafurahi akikuta kazi imekwisha? Muhuri ulikuwa kwenye droo. Nikaupiga, nikatia sahihi kwa niaba yake, nikashuka mwenyewe hadi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojipanga chini ya shamba.

"Joyce Chepkoech ni nani hapa?" nikauliza kwa sauti ya ofisi.

Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akainua mkono. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza: aliyetoweka mwezi mzima anaanikaje nguo hapa? Mimi sikujiuliza. Sikuuliza nambari. Nilimpa barua nikamweleza kwamba kazi imeisha kwa sababu ya kukosa kazini bila ruhusa, na arudishe ufunguo wa nyumba.

Akaishika barua bila kuifungua. "Lakini binti yangu," akaanza, "mimi niliomba. Niliambiwa na msimamizi..."

"Kila kitu kiko kwenye barua, mama," nikamkata.

Maneno yangu hayo ninayasikia mpaka leo. Majirani walikuwa wamesimama milangoni wakitazama. Yeye akatoa nguo zake kambani moja baada ya nyingine, zikiwa bado mbichi. Mimi nikapanda mlima kurudi ofisini, viatu vyangu vikilia ko-ko-ko, nikijiona nimekuwa mtu.

Jumatatu asubuhi msimamizi wa sehemu ya nne akaingia ofisini bila kubisha. "Nani amenifukuzia mchumaji wangu bora?" Akaeleza yote huku nimesimama. Shambani kulikuwa na akina Joyce Chepkoech wawili. Mmoja ndiye aliyetoroka. Huyu mwingine alikuwa mchumaji wa miaka mingi, mtu ambaye hajawahi kugombana na yeyote. Mwezi huo alikuwa ameenda kwao Chebunyo siku kumi kumzika mama yake, kwa ruhusa ya msimamizi mwenyewe. Nilipomwambia amekosa kazini, aliamini kwamba anafukuzwa kwa sababu ya mazishi. Ijumaa ileile alirudisha ufunguo, akafunga virago na kwenda nyumbani.

Mzee Ombati hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Barua hiyo iliandikwa na nani?"

"Mimi, mzee."

"Ikapelekwa na nani?"

"Mimi."

"Sasa ya kumrudisha itapelekwa na nani?"

"Mimi, mzee."

Akaiandika palepale kwa mkono wake, akaipiga muhuri, akanipa. "Nenda leo. Na ukimpata, usianze kwa kusoma."

Nilifika Chebunyo saa sita, kumbe ni siku ya soko. Nilipouliza kwao nikaambiwa Joyce yuko huko kwenye mifugo. Amepeleka mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye, aanze biashara kidogo kwa vile kazi hakuna. Mwanangu, nilikimbia! Nilivua vile viatu nikavishika mkononi, nikapita kati ya mbuzi na kondoo na watu wanaosukumana, nikamwona kwa mbali. Mnunuzi alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe tayari, ameinua mkono wa kupatana.

"Mama Joyce!" nikapiga kelele. "Usiuze! Usiuze huyo ng'ombe!"

Soko lote likageuka. Mnunuzi akakasirika: "Na huyu ametoka wapi?" Nilifika nikihema, matope hadi magotini, nikasema mbele ya wote, "Mama, kazi yako iko. Ni mimi niliyekosea. Barua haikuwa yako, ilikuwa ya Joyce mwingine." Nikaanza kupekua mkoba nitoe ile barua mpya.

Akaniangalia. Hakuwa na hasira usoni, ilikuwa ni uchovu tu. "Leo umekuja kunisikiliza," akauliza, "ama umeniletea karatasi nyingine?"

Nikakumbuka neno la mzee. Nikairudisha barua mkobani. "Nimekuja kukusikiliza."

Basi tukakaa kwenye nyasi kando ya soko, mtamba akila hapo karibu, naye akasema. Akanieleza juu ya mama yake, alivyougua na alivyokufa. Akanieleza alivyotoka kwenye laini Ijumaa ile na sanduku kichwani, watoto wa jirani wakiuliza mama zao kama ameiba. Alizungumza mpaka jua likageuka. Sikumkata hata mara moja. Nililia, na nilipolia akanipa kitambaa chake, mtu niliyemfukuza kazi! Alipomaliza akasema, "Nitarudi. Lakini walioniona nikitoka wasikie kutoka kwa mdomo wako."

Jumatano, kabla ya wachumaji kuingia shambani, wakiwa wamejipanga kuhesabiwa na vikapu mgongoni, nilisimama mbele yao. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilisema jina langu, nikasema kosa langu lote, nikasema Joyce Chepkoech wa sehemu ya nne hakukosea lolote, nikamwomba msamaha. Halafu mama mmoja akasema kwa sauti kutoka nyuma kabisa, "Rudia, madam, huku hatujasikia!" Nikarudia kwa kupaza sauti. Watu wakacheka, Joyce mwenyewe akacheka, akina mama wakapiga vigelegele hadi majani yakatikisika. Akaja akanishika mkono mbele yao. Moyo wangu ulikuwa unaruka, Chelangat. Nilikuwa nimeaibika na nimefurahi kwa wakati mmoja, na hii furaha ilikuwa nyingine kabisa, si ile ya kiti kinachozunguka.

Ofisini nilimkuta Mzee Ombati ananingoja. Nikajua leo ni mimi wa kuondoka. Akaniketisha, akaniambia nieleze kosa langu toka mwanzo, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina la kuongeza. Kisha akanisukumia karatasi nyeupe. "Sasa andika barua ya onyo. Jina ni lako. Na usisahau nambari ya kazi." Ndiyo barua ya onyo ya kwanza niliyowahi kuandika bila kosa hata moja, na ni mimi niliyeipokea. Nilipoiweka kwenye faili yangu akasema, "Siku ile ulisema huna uzoefu. Sasa unao kidogo. Rudi kazini."

Nikarudi. Baadaye nilisomea kazi hiyo jioni na wikendi, nikapata vyeti, nikapanda polepole mpaka nikakalia kiti chake alipostaafu. Joyce alipostaafu, mimi ndiye niliyeandaa sherehe yake. Tukaendelea kutembeleana hadi leo. Ukija Desemba nitakupeleka Chebunyo akupe mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, utakunywa mpaka ushindwe kuinuka.

Kwa hivyo usiogope kusema hujui, mwanangu. Wanaokuajiri wameona karatasi zako, wanajua. Wanachokuangalia ni kama utauliza, au utajifanya. Na usiseme unakuja mikono mitupu. Ulisimamia wale vijana wa shamba la majaribio chuoni, ulipanga zamu zao, ukawapatanisha walipogombana juu ya mabomba ya maji. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wameipa tu jina refu. Wiki ya kwanza usikae ofisini, toka nje. Nenda wanakopokea maziwa, nenda wanakoosha mitungi, jua majina yao, na jina likifanana na jina, uliza nambari. Isome sheria ya kazi kidogo kidogo kila siku, usingoje kupelekwa kozi. Na barua yoyote inayogusa ugali wa mtu, hata ukiwa na uhakika nayo, mpe mkubwa wako aisome kabla haijatoka. Lakini zaidi ya yote, mtu akianza kusema "lakini", weka kalamu chini. Mwache amalize. Utakosea, nakuambia mapema, hakuna asiyekosea. Ukikosea, nenda mwenyewe, na uende haraka.

Nakuonea wivu mzuri, unajua? Kuanza ni raha ambayo haiji mara mbili. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njia yote ya Londiani, akupe masikio mapana na ulimi mpole. Akupe wakubwa wa kukurekebisha bila kukuvunja. Na wafanyakazi wakiitwa ofisini kwako, waingie bila kutetemeka, na watoke wakikuombea.