Vitambaa vya Altare

Kazi yangu ni kupima uchafu wa hewa ya baharini. Nikisema hivyo hapa Songea watu hucheka, maana bahari kwetu ni ile ya kwenye kalenda. Lakini makaa ya mawe yanayopakiwa melini huko pwani ninakofanya kazi hupita kwanza mbele ya nyumba ya mama yangu, lori baada ya lori, usiku na mchana. Bandarini nina pampu ndogo inayovuta hewa kupitia chujio jeupe la duara. Naliweka likiwa jeupe, kesho yake nalitoa limekuwa la kijivu. Naandika ripoti. Ripoti inapongezwa, chai inanywewa, na meli nyingine inafunga gatini.

Mama alikuwa anafua vitambaa vya altare ya parokia yetu. Haikuwa kazi ya mshahara, ilikuwa heshima, na aliishika tangu sijaanza shule. Aliviloweka, akavitia bluu na wanga, akavianika kwenye waya mbele ya nyumba ili wapita njia wavione. Namjua mama yangu, unyenyekevu wake ulikuwa na mipaka. Kisha alivipiga pasi ya mkaa, na miaka yote hiyo pasi ile haikuwahi kuacha doa.

Halafu likawekwa tuta barabarani, karibu kabisa na mlango wetu. Lori likifika pale linafunga breki, linaruka, na turubai lililofungwa ovyo linapepea. Nilipokuja likizo mwaka huu nilikuta vitambaa vimerudishwa nyumbani mara ya pili. Akina mama wa parokia walisema mwenzao amezeeka, haoni tena uchafu.

"Mimi naona," mama aliniambia huku akikohoa. "Nafua mpaka vidole vinachubuka. Nikianika, vinarudi vilevile. Si wewe ndiyo umesomea vumbi? Nenda ukawaambie si mimi."

Hakuwahi kuniomba kitu kingine chochote kutokana na elimu yangu. Nilichukua chujio safi, nikalitundika kwenye waya wake kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha nikalipeleka kwa mwenyekiti wa akina mama pamoja na kitambaa kimoja.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama."

"Milele amina. Marahaba, karibu ukae."

Nilimweleza yote: makaa, tuta, turubai, chembe ndogo ambazo jicho halizioni mpaka zikusanyike. Alisikiliza vizuri. Aliliinua chujio dirishani, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Ningependa angekuwa mtu mbaya, nipate wa kumkasirikia.

"Tumekuelewa, mwanangu," alisema. "Mama yako hana kosa, na nitalisema hilo mbele ya wenzangu. Lakini Jumapili juu ya altare tutandike nini? Maelezo yako?"

Nikalirudisha chujio mfukoni. Vitambaa akapewa mama mwingine anayekaa huko ndani, mbali na barabara. Nilimshauri mama ahamie Madaba kwa mdogo wake. Akaniuliza kaburi la baba, lililo nyuma ya nyumba, tutalibeba na nini. Nikamwambia basi nitaandika barua mahali. Akanitazama kama anavyomtazama mlevi anayeapa kuacha pombe. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi hata mama yangu nimeshindwa kumganga, na nimechoka.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza. Mama, ambaye siku zote hukaa benchi la mbele ili akague mikunjo ya vitambaa vyake, safari hii alichagua la mwisho, karibu na mlango. Altare ilikuwa inang'aa. Aliitazama kwa muda mrefu, akitafuta doa. Nami nililitafuta pamoja naye, na Mungu anisamehe, nililiombea liwepo.

"Vimetakata," akaninong'oneza hatimaye. "Kweli vimetakata."

Kikohozi kikamshika. Alitoa leso yake nyeupe, akajifunika nayo mdomo mpaka kilipotulia, kisha akaikunja haraka na kuificha kiganjani ili nisione. Lakini nilikuwa nimeshaona. Ile rangi ya kijivu naitazama kila siku kazini.