Msusi Anunua Gemu ya Shingo

Ndugu, jamaa, marafiki na wote wenye nywele, mnatangaziwa kwamba siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, msusi wa mtaa wetu aliingia duka la gemu akiwa na pesa ya diski moja, kitana kimoja na shangazi mmoja. Habari ziwafikie wenye vipara popote walipo, ili nao wajue wanachokikosa.

Nilikuwepo. Mimi ni shemeji yake, na kazi ya shemeji inajulikana: kubeba. Siku hiyo nilibeba kigoda.

Kabla hujacheka, sikiliza shida yenyewe. Rasta ndogondogo, zile nyembamba kama kamba za viatu, huchukua saa sita kichwa kimoja. Zamani saluni ilikuwa na wasusi wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, na baada ya saa tatu mtu ameshaondoka. Kisha mwenzake akahamia saluni ya ng'ambo ya barabara, mikono ikawa minne kule na miwili huku. Wateja ni kama maji, hufuata mteremko. Walivuka mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kununua vocha.

Aliyebaki wa maana ni Mkaguzi, mama wa makamo anayekagua mizani sokoni. Wanawake wa sokoni humwiga kwa kila kitu: akisuka hivi leo, wiki ijayo vichwa kumi vinataka hivyohivyo. Yeye naye akivuka barabara, saluni inafungwa. Hilo hata mwenye nyumba alikuwa analijua. Na Mkaguzi, pamoja na heshima zake zote, alizaliwa na shingo ya feni. Mtu akipita dirishani, inageuka. Ukimwachia simu, kidevu kinazama kifuani na nywele za mbele hazifikiki. Ukimwekea tamthilia, anageuka mzimamzima kumwuliza msusi, "Umemwona huyo mnafiki?"

Ndipo mdogo wake msusi akamletea mashine ya gemu aliyokuwa ameichoka, ikiwa na diski moja tumboni: mbio za magari. Msusi akashukuru, akamkalisha Mkaguzi, akampa padi ya kuchezea mkononi. Hapo likatendeka kosa ambalo wasusi wote waliotangulia hawakuwahi kupata nafasi ya kulitenda. Gari likikata kona kulia, kichwa kinalala kulia. Likikata kushoto, kinalala kushoto. Mstari ulianza utosini kama barabara ya lami, ukaishia sikioni kama njia ya mbuzi. Kesho yake wauza maharage, waliokuwa na kisasi naye cha miaka, walimwuliza kwa adabu zote kama kichwa chake nacho kimepita ukaguzi.

Mkaguzi alirudi kufumuliwa. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, Jumamosi nakuja mara ya mwisho. Kikipinda, navuka."

Mtu mwingine angeirudisha mashine ilikotoka, na mimi ndiye ningeibeba. Lakini wakati sisi tunacheka, msusi alikuwa ameona jambo: saa zote zile Mkaguzi hakuliangalia dirisha hata mara moja. Macho yalikuwa yameshakamatwa. Ilibaki kupata gemu inayokamata na shingo.

Duka lilikuwa chumba chembamba kama behewa la treni, diski za mtumba zimejaa ukuta mzima, na juu ya runinga kibandiko: KUJARIBU DAKIKA KUMI. UKINUNUA UMENUNUA. Muuzaji alikuwa kijana mwenye vipokea sauti vya masikioni vinavyoning'inia shingoni kama daktari aliyefeli.

"Karibu dada. Unamnunulia nani?"

"Shingo."

"Sawa. Shingo anapenda nini, mpira?"

Msusi alinipokonya kigoda. Alikiweka mbele ya runinga, akamkalisha shangazi yake, akamfungua kilemba. Shangazi alikuwa na miaka sitini na nywele nyingi kuliko za mtu yeyote katika ukoo, na hajawahi kushika padi.

"Hiki nini tena?"

"Ni kama rimoti, shangazi, ila hii ina hasira."

Muuzaji akaweka mpira, diski mpya kuliko zote, bei yake sawasawa na pesa yote iliyokuwa mfukoni mwa msusi. Saluni ya ng'ambo wanayo hiyohiyo. "Na siku ukiichoka unaiuza palepale," muuzaji akaongeza. "Mpira hauozi." Msusi akasimama nyuma ya kigoda, akachana mstari, akaanza kusuka. Kidole chake kidogo cha kushoto alikiegemeza chini ya sikio la shangazi. Nilidhani ni mkao tu.

Dakika ya tatu shangazi alijifunga bao, akasimama kwa uchungu. Rasta mbili zilibaki mkononi mwa msusi, zikiwa na mizizi yake.

"Toa," alisema msusi.

Ikaja ya ngumi. Hapa kichwa hakikutikisika hata kidogo. Nikamnong'oneza, shemeji, hii hapa, tulipe twende. Akatikisa kichwa.

"Anauma meno. Ngozi ya kichwa imekaza. Nikimsuka hivi, jioni ikilegea atashindwa kufumba macho."

Muuzaji alimtazama, akanitazama mimi, akavua vile vipokea sauti akaviweka mezani.

Ikaja ya vita. Shangazi aliogopa akaganda kama jiwe. Msusi alisuka nusu mstari, kisha akaupapasa utosi kwa ncha ya kidole. "Umelowa. Nywele yenye jasho inateleza." Ikaja ya kilimo, ya kupanda mahindi na kusubiri mvua. Shingo ikalainika, ngozi ikalegea, jasho likakauka, na mimi nikaanza kuona mwisho wa safari. Dakika ya nne shangazi alikuwa anakoroma na kichwa kimemwangukia msusi tumboni kama gunia la chumvi.

Tangu hapo sikunong'ona tena. Nimeishi na mwanamke huyu katika familia moja miaka tisa, nimekula kwake, nimemdharau kimyakimya kama unavyomdharau mtu unayemwona kila siku akifanya kazi ileile. Sasa namwona amesimama nyuma ya mwanadamu, haoni uso, hatazami runinga, na kwa vidole tu anasoma kinachompata mtu huyo ndani: hapa kaogopa, hapa kakasirika, hapa anajifanya hajali. Kuna watu wanasomea jambo hilo miaka saba, wanapewa joho, na bado wanakuuliza, "Unajisikiaje?"

"Una nyingine?"

Muuzaji akajikuna. "Ipo moja. Lakini nakuonea haya kukuuzia. Niliipata imechanganywa na nyingine kwenye fungu. Ni ya winchi. Bandarini. Unanyanyua kontena kutoka melini, unaliweka kwenye lori. Basi."

"Halafu?"

"Halafu unanyanyua lingine. Na dada, hiyo ukinunua ni ya kuzikwa nayo. Hakuna atakayeinunua kwako."

"Weka."

Kontena la kwanza lilining'inia kwenye waya wake, likiyumba polepole. Shangazi alishusha pumzi. Kisha shingo yake ikafanya kitu ambacho hakuna aliyeiomba ifanye: ikainuka, ikanyooka, ikatulia, kama shingo ya mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni na hataki hata tone limwagike. Hakuuma meno. Hakutoka jasho. Hakulala. Kontena likashuka, likashuka tena kidogo. Wateja wawili waliokuwa wanabishana mlangoni wakasahau ubishi wao. Muuzaji aliyeitukana gemu ile muda mfupi uliopita alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nami nilijikuta nimesimama wima kama mtu anayepimwa urefu.

Kontena likakaa juu ya lori. Shangazi akasema taratibu, "Lete lingine."

Msusi aliondoa kidole chini ya sikio. Nyuma ya kichwa kile palikuwa na mistari mitatu, na nakwambia sijawahi kuona kitu kilichonyooka namna ile ambacho hakikupigiwa rula.

"Nachukua hii."

"Dada, fikiria vizuri. Mpira—"

"Umesema hakuna atakayeinunua. Nimesikia. Funga."

Jumamosi Mkaguzi alifika saa tatu kamili, akakaa, akaitazama runinga kama anavyotazama jiwe la mizani lililochongwa chini.

"Watu wanafia wapi hapa?"

"Hawafi, mama."

"Kwa hiyo wanafanya nini?"

"Wanapakua."

"Wanapakua," alirudia Mkaguzi, na kwa nusu saa ya kwanza alikuwa na maneno: nani aliyetengeneza upuuzi huu, mwenye bandari ni nani, mbona lori halina dereva. Kisha akaligonga kontena kwenye ukingo wa meli na kulibonyeza pembe, na ile roho yake ya kupenda kitu kikae mahali pake ikaamka. Maneno yakaisha. Watu walipita dirishani. Yule msusi aliyehama alipita mara mbili, ya pili amepunguza mwendo. Feni haikugeuka. Simu iliita, ikaita, ikachoka. Saa zikaenda, na vidole vya msusi vilishuka mstari baada ya mstari, sauti pekee ikiwa ya kitana na ya waya wa winchi. Mimi niliyekwenda kuchungulia dakika tano nilikaa hadi alasiri, na wengine wawili pamoja nami, na hakuna aliyekohoa.

Saa tisa na robo rasta ya mwisho ilichovywa kwenye maji ya moto. Msusi alishika kioo nyuma ya kichwa. Mkaguzi aliiba jicho moja kutoka runingani, akakagua mistari kutoka utosini hadi sikioni, kulia na kushoto.

"Imenyooka," alisema. "Baada ya wiki sita niandike wa kwanza." Na jicho likarudi bandarini.

Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia msusi kwamba nimeona mengi lakini hili sijaliona. Kwamba alichofanya hakina jina bado na kinastahili kupewa. Kwamba amesoma shingo ya mtu mzima kwa kidole kimoja akaiponya kwa diski iliyotupwa. Na nikamwuliza, mbele ya watu wote, anajisikiaje moyoni.

Msusi alikuwa anafagia nywele.

"Shemeji, mwambie ainuke. Kuna mtu anasubiri tangu saa nane."