Nilivyofuta maneno ya mwisho ya mama wa Kakuma kwa plug-in nisiyoweza kuisoma

Ejok, wakuu, ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana.

Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Imenikaa rohoni muda, leo naitoa yote, hata pale ninapoonekana mjinga.

Kwa wasionijua, mimi ni kipofu. Macho yaliondoka polepole nikiwa sekondari. Dada yangu Beatrice ni karani wa serikali, na alipopata transfer ya Lodwar akanichukua, maana nyumbani Vihiga nilikuwa nashinda nimekaa tu. Nyuma ya nyumba yake kuna chumba cha mabati. Nikatundika mablanketi ukutani, nikakiita studio. Kwa joto la huku ni tanuri, lakini kwaya zilikuja.

Kompyuta naitumia kwa screen reader, program inayonisomea kwa sauti kilicho kwenye screen.

Sasa plug-in, vile viprogramu vidogo vya kusafisha na kupamba sauti, kwetu sisi vipofu ni za aina mbili: zinazosema na bubu. Nikifungua moja nabonyeza Tab. Ikitaja jina la kifundo cha kuzungusha na namba yake, tumeelewana, naweza kufanya nayo kazi. Ikisema "window" halafu kimya, ujue ni picha tupu. Mwenye macho anaona vifundo vinang'aa, mimi naona ukuta.

Kwa hiyo nilikuwa natumia zile za bure zilizokuja na program yangu ya kurekodi. Wanasema zina sura mbaya. Lakini zinaongea, na ningebaki nazo nisingekuwa naandika uzi huu.

Shida ni wivu. 2012 kila mtu mtandaoni alikuwa anasifia plug-in moja ya kuondoa kelele. Mlisema (ndiyo, nyinyi, sijasahau) kwamba asiye nayo anacheza tu. Nikaidownload, nikabonyeza Tab. Window. Kimya.

Nikamwita dada.

"Naona vitu kama vifundo vya jiko la gesi," akasema. "Nizungushe gani?"

Tukaiset kwa masikio yangu na vidole vyake, tukitumia sauti ya mzee mmoja wa kwaya ya hapa mjini. Huyo mzee akiimba ni kama anaita mbuzi walio ng'ambo ya mto Turkwel. Ilipokaa vizuri nikaisave kama preset, mpangilio wa kutumia tena na tena, na kuanzia siku hiyo nikawa naipachika hiyo hiyo kwa kila sauti. Kila kifundo kiko namba ngapi, sikujua. Ilifanya kazi, nikanyamaza.

Mwishoni mwa mwaka huo kwaya ya Wasudani Kusini ikaniita kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kiongozi wao aliitwa Abuk, dada mchangamfu. Mama yake mzazi, Mama Achol, ndiye alikuwa aimbe solo.

Kanisa lilikuwa la udongo na mabati, upepo unapiga, na duka la jirani linanguruma na jenereta. Nikaomba wote watoke waende mbali, nibaki na mama peke yake.

Akaimba kwa Kidinka. Sauti ndogo, imechoka, lakini wakuu, nililia.

Alipomaliza wimbo hakunyamaza. Akaendelea kunong'ona taratibu karibu na mic. Kidinka sikijui. Nikadhani anasali, nikaacha recorder iendelee mpaka akanigusa mkono.

"Khalas," akasema. Basi, amemaliza.

Nikarudi Lodwar, nikapachika preset yangu. Laptop ilikuwa dhaifu, screen reader na ile plug-in zikienda pamoja inaganda. Kwa hiyo nilikuwa na mazoea yangu: naichoma plug-in ndani ya sauti moja kwa moja, isitoke tena, nasikiliza mara moja, halafu nafuta original nipate nafasi.

Nilisikiliza. Jenereta ilipotea kabisa, nikajisifu. Mama alipofika mstari wa mwisho nikabonyeza key ya kujua muda, na screen reader ikaanza kunitajia dakika na sekunde juu ya sauti yenyewe. Ilipomaliza kusoma nikasikia kimya, nikajua track imeisha.

Nikafuta original. Kadi ya recorder nikaenda kurekodia harusi Kalokol.

CD ya kwaya ikatoka, ikapendwa sana.

2013 Mama Achol akafariki. Wiki chache baadaye Abuk akafika kwetu. Beatrice akaninong'oneza kwamba ana mimba kubwa.

"Kaka, CD yako imekatika," Abuk akasema. "Mama aliniambia iko maneno mwisho. Nipe ile yote."

"Maneno gani?"

Akanieleza. Kabla yeye Abuk hajazaliwa, mama yake alikimbia vita kwa miguu na watoto watatu wa kiume. Wote watatu walibaki njiani. Maisha yake yote hakuwahi kutaja majina yao, ukimuuliza anainuka anatoka nje. Lakini siku zake za mwisho alimwambia Abuk: majina ya kaka zako nimeyaacha mwisho wa wimbo. Abuk alitaka mojawapo, mtoto akiwa wa kiume alibebe.

"Hakuna mtu mwingine anajua," akasema. "Nimebaki mimi tu."

Nikaifungua ile track. Mwisho wa wimbo palikuwa kimya kabisa. Preset ya mzee wa kuita mbuzi, iliyopimwa kwa sauti yake kubwa, iliuona mnong'ono wa mama ni kelele tu, ikaufuta pamoja na jenereta. Tukajaribu program ya kurudisha mafaili, nayo bubu, Beatrice akinisomea mstari kwa mstari. Hakukuwa na kitu.

Nilipata kipande kimoja tu, chini ya nusu sekunde, kabla ukimya haujafunga. Nikakipandisha sauti mpaka mwisho, nikamvisha Abuk headphones. "Ma." Basi.

Nikamwambia, kwa furaha ya kijinga, angalau la kwanza linaanza na Ma.

Akazivua taratibu.

"Kaka, kwetu wanaume wengi wanaanza na Ma. Majok. Malual. Mabior. Marial. Makuei."

Kila jina alikuwa anasimama kidogo, anajaribu kama litamkaa. Hakuna lililokaa. Halafu akanishika bega akaniambia, "Malesh." Yeye ndiye aliyenipa mimi pole, wakuu. Afadhali angenitukana.

Nilichojifunza: ndugu yangu kipofu, plug-in isiyokusomea namba zake usiiamini na kitu ambacho hakitarudi, hata ikisifiwa na dunia nzima. Usifute original. Na wimbo ukikaribia kuisha toa mkono kwenye keyboard, zima hiyo screen reader, sikiliza mpaka kimya chenyewe.

Siku hizi nimerudi kwa zile zenye sura mbaya. Kama humu kuna kipofu anayefanya kazi hii, niambie wewe unachagua vipi. Wa kunilaumu pia waje, nafasi ipo.

Abuk alijifungua mvulana. Alinipigia mwenyewe kunipa habari, na mimi nikashindwa kuuliza wamemwita nani.