Masizi kwenye Rinda la Nyanya

Juzi nilirudi Kariobangi kumwona shangazi, ambaye bado anaishi kwenye ile ploti tuliyokulia. Niliposhuka kwenye gari langu, sketi yangu ikagusa bomba la moshi la gari lililoegeshwa kando. Wacha nikuambie, rafiki yangu, nilikinai. Masizi mazito yenye mafuta yalikuwa yameganda mdomoni mwa lile bomba kama ukoko wa sufuria isiyooshwa mwaka mzima. Nilipojaribu kuyapangusa yakazidi kuenea, yakaniingia hadi kwenye kucha. Chai ya shangazi ilinishinda kwa ile harufu.

Harufu hiyo naijua tangu utotoni. Ploti yetu ilikuwa na vyumba vinavyotazamana, mfereji mmoja, na kamba za nguo katikati. Jumamosi tuliamshwa na redio za kila mlango na sauti ya nguo zikifikichwa kwenye mabeseni. Halafu kulikuwa na pikapu ya jirani yetu dereva, ambayo ilienea uani kwa namna moja tu: mkia ukielekea kwenye kamba. Kila alipoiwasha aliikanyagia mafuta kwanza ili injini ipate moto. Githeri yetu, mahindi na maharagwe, ilikuwa na ladha ya dizeli. Tukipenga kamasi, zilitoka nyeusi. Lo!

Nyanya aliyenilea hakuvumilia uchafu. Sufuria zake zilisuguliwa kwa majivu ndani na nje mpaka ukajiona. Kila dereva alipong'arisha pikapu yake, nyanya alisonya: "Anaiosha uso, mdomo anauacha."

Jumapili moja nyanya alikuwa apokelewe katika kikundi cha akina mama kanisani. Alikuwa amehudhuria mafundisho muda mrefu, na fundi alikuwa amemshonea rinda jeupe. Jumamosi iliyotangulia akalifua, akalisuuza kwa buluu ili weupe ung'ae, akalianika. Kisha akaitazama pikapu. Akanipa waya wa kusugulia sufuria, sabuni na kopo la maji.

"Nenda ukaoshe hilo domo kabla halijanichafulia rinda."

Nikasugua. Ute mweusi ulinitiririka hadi kwenye viwiko, nusura nitapike. Nikamimina maji ndani ya bomba, kopo baada ya kopo, kama mtu anayesuuza chupa. Nyanya akaja kukagua, akaridhika.

Baadaye dereva akatoka, akawasha, akakanyaga mafuta kama kawaida. Maji yote yaliyobaki ndani ya bomba yakarushwa nje pamoja na masizi. Rinda likajaa madoa meusi kutoka kifuani hadi kiunoni.

Alilifua na kulifua tena, madoa yakageuka kijivu tu. Kesho yake aliingia kanisani amelifunika kwa sweta ya kahawia, jua likichoma, jasho likimtoka. Akapokelewa hivyo hivyo. Aliyelia ni mimi.

Jioni dereva alikuja mlangoni, kofia mkononi.

"Shosho, aki nisamehe. Hata sikuona."

"Wewe huna makosa," nyanya akamjibu. "Lakini hiyo gari yako ikitaka kutema mate, iende iteme huko nje."

Kuanzia Jumatatu, dereva hakuwasha tena injini uani. Aliitoa gia, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaisukuma pikapu mpaka nje ya geti, nasi watoto tukiisukuma kwa nyuma huku tukipiga kelele. Alifanya hivyo mpaka tulipohama.

Sasa ule ua umejaa magari. Kamba bado zipo, lakini watu huwasha injini na kuziacha zikinguruma wakipiga simu, moshi ukipanda moja kwa moja kwenye mashuka na nepi. Hakuna anayegeuza hata shingo. Shangazi mwenyewe alinicheka nilipolalamika. Hilo linanichukiza kuliko hata masizi.

Wakati wa kuondoka nikaona mashuka ya mtu yananing'inia nyuma ya gari langu. Nikalitoa gia, nikashuka, nikaanza kusukuma. Watoto wawili wakaacha mpira wao, wakaja mbio kunisaidia.

"Mathe, gari imekufa?"

"Ni nzima," nikawaambia. "Kuna nguo zimeanikwa."