Mahindi Mawili ya Eufrosina

Kijijini kwetu, katika jimbo la Michoacán, asubuhi ya kila tarehe mosi, tunawasha mshumaa mbele ya picha ya Majaliwa ya Mungu na kuomba tusikose nyumba, nguo na chakula. Jirani yangu Eufrosina, mjane, huongeza hapo mbele ya mshumaa hindi moja kwa kila anayelala chini ya dari lake. Walikuwa wamebaki wawili, yeye na bintiye Maricruz.

Jumapili moja alisikia kwamba genge la wenye bunduki linamtaka Maricruz, apelekwe kwa bosi wao. Hakukaa kulia. Alimficha binti ghalani nyuma ya magunia, na kila alfajiri akabandika jikoni sufuria ya mafuta ya nguruwe. Sisi tulidhani anakaanga nyama ya kuuza.

Tarehe mosi akaja Wenceslao, kijana ambaye genge humtuma kijijini kwetu, bunduki begani. Eufrosina ndiye mama yake wa ubatizo, na ndiye aliyemfundisha sala zote. Kijana akavua kofia mbele ya mshumaa, akambusu mkono, akauliza alipo Maricruz. Akaambiwa amehamia kaskazini, mwezi sasa. Mwanamke aliyeona mbali kiasi kile, asubuhi hiyo mkono wake ulifuata mazoea tu, ukapanga mahindi kama kila mwezi.

"Mama, mbona mahindi mawili?"

"La pili lako. Wewe si mwanangu?"

"Usinifanye mtoto. Ulinifundisha mwenyewe, asiyelala hapa hapangiwi hindi."

Akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika. Pigo la pili likamvunja mkono. Kisha akageuka kuelekea ghalani. Eufrosina akainuka, akainyakua sufuria motoni kwa mkono mzima, akammwagia mafuta yote kichwani. Ngozi ya uso ilichuruzika hadi shingoni. Aliita "mama" mpaka sauti ikakatika, akafa kabla ya saa sita mchana.

Maricruz aliondoka siku ileile, na yu hai. Kijiji kizima kikasifu Majaliwa, hata padre madhabahuni. Nami, kwa upumbavu wangu, nilikwenda kumwambia Eufrosina kwamba Mungu amemtendea makuu.

Alinijibu kwa mdomo uliovimba.

"Mungu amemtunza Maricruz, namshukuru. Lakini mafuta niliyabandika mimi, siku tano mfululizo, nikijua atakayekuja ni Wenceslao. Hilo msimtwishe Mungu."